Starlink mbili, ya nyumba na ya gari: nilivyozionja Taita na Tsavo

Kazi yangu ni kupeleka wageni mbugani. Gari ni Land Cruiser ya paa la kuinua, njia zangu ni Tsavo Mashariki, Tsavo Magharibi na mara mojamoja Amboseli. Nyumbani ni kijiji cha milimani upande wa Wundanyi, kilichojificha nyuma ya Vuria. Vuria ndio mlima mrefu kuliko yote ya Taita, mita 2,208, na kileleni kumesimikwa milingoti ya mawasiliano ambayo mtu wa tambarare anaiona kwa macho na simu yake inashika barabara. Sisi tuliokaa mgongoni mwa mlima huohuo hupata kijimstari kimoja, nacho ukikitaka sharti usimame penye mlango wa jikoni na usigeuke.

Mama watoto ana kibanda cha huduma hapohapo nyumbani. Anawajazia watu ritani za kodi za KRA, anawaombea wanafunzi mkopo wa masomo wa HELB, anachapisha vyeti kutoka eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Mimi nikiwa porini nina wageni wanaotaka kuonana na wajukuu wao kwa video saa ileile tembo wanapovuka Galana. Kwa hivyo intaneti ya setilaiti kwetu si starehe, ni riziki, na haja zenyewe ni mbili: nyumba isiyohama na gari lisilotulia. Sasa tuna Starlink mbili, dishi kubwa la kawaida nyumbani na Mini, lile dogo la kubebeka, kwenye gari, na madereva wenzangu hawaachi kuniuliza wachukue ipi. Muuzaji atakwambia chukua Mini tu, utazunguka nayo. Kwa mtu anayeishi peke yake, sawa. Kwa mwenye familia, gari likiondoka alfajiri kwenda Voi, nyumba inabaki gizani kimtandao, na kibanda kinafungwa mpaka baba arudi.

Lakini kabla hujafika huko, pima laini za simu kwanza. Simu mkononi ndani ya nyumba ya mawe na mabati si kipimo. Panda juu ya paa, au funga simu kwenye mti mrefu uinyanyue, ufanye hivyo kwa laini za kampuni zote, asubuhi na tena jioni watu wakisharudi makwao. Ikishika 4G huko juu, rauta ya laini ya simu yenye antena ya nje itakutosha na itakugharimu kidogo. Jamaa yangu wa Bura alikuwa ameshahesabu pesa za dishi. Tukapandisha simu kwenye tangi la maji, ikavuta vizuri kabisa. Pesa zile alinunulia ng'ombe. Kwetu mgongoni mwa mlima jaribio hilo halikufua dafu.

Halafu ujue kwamba setilaiti si za aina moja. Tazama dishi la DStv huku kwetu: limelala chali kama sinia, likitazama juu karibu wima. Setilaiti yake imesimama juu ya ikweta kwenye nyuzi 36 mashariki, si mbali na utosi wetu, lakini kwenda juu ni kilomita 35,786. Kuna intaneti ya mtindo huo pia, mfano Konnect ya Eutelsat, na ina kazi yake. Tatizo ni umbali. Ombi lako linapanda na kushuka, jibu nalo linapanda na kushuka, safari nne za namna hiyo, yaani karibu nusu sekunde imepotea hata mitambo haijafanya lolote. Kwa barua pepe hutajua. Kwa simu ya video, wawili mnaanza kusema pamoja, mnanyamaza pamoja, mnaombana radhi pamoja. Tuliwahi kuwa na huduma ya aina hiyo, ya kampuni nisiyoitaja, na mama watoto alikuwa akibonyeza kitufe cha kutuma fomu kisha anakwenda kugeuza maharagwe jikoni.

Setilaiti za Starlink huzunguka chini zaidi, kilomita 550 hivi, na zinapokezana. Hapo ndipo tofauti ilipo. Huduma ilifunguliwa Kenya Julai 2023, lakini mwanzoni data ilikuwa inapitia nchi za watu kabla ya kurudi, na kuchelewa kulipita milisekunde 100. Januari 2025 wakawasha kituo cha kuunganishia Nairobi. Kwangu sasa hucheza kati ya milisekunde 30 na 50, na simu ya WhatsApp kutoka kijijini inasikika wazi kuliko ya mtu aliyeko mjini Mombasa.

Watu wakija kuuliza, swali la kwanza huwa ni kasi. Inakwenda mbio kiasi gani? Mimi huwajibu kwa swali: nyumbani mna stima au sola?

Maana umeme ndio unaoamua. Dishi la kawaida la sasa, lile la mstatili lisilo na mota, hula wati 75 hadi 100. Mini hula 25 hadi 40. Kwa mtu wa stima hiyo ni habari ndogo. Kwa mtu wa sola ndiyo habari yenyewe. Chukua betri iliyozoeleka, volti 12 na ampea-saa (Ah) 100. Kwa makaratasi ni wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi ukiivuta kupita nusu unaiua mapema, kwa hivyo hesabu 600. Dishi kubwa likila 75, saa nane zimekwisha, na hapo sijatoa kinachopotelea kwenye inveta, kwa sababu lenyewe linataka umeme wa ukutani. Mini ikila 30 unapata saa 20, tena Mini hupokea moja kwa moja umeme wa volti 12 hadi 48, inveta haina kazi. Kwa hivyo mwenye sola tupu, paneli moja au mbili juu ya mabati, asidanganywe na ukubwa. Mini ndiyo dishi lake la nyumbani. Na kwenye programu ya simu kuna mahali pa kulipangia dishi saa za kulala. Ukilizima usiku wa manane mpaka alfajiri, betri itakushukuru.

Sisi tuna stima, na sola kidogo ya kushikilia inapokatika, ndiyo maana tulichukua dishi kubwa. Kuna sababu nyingine: rauta yake ni kifaa cha peke yake, unaiweka ndani ya nyumba ambapo watu wako. Mini rauta yake imo tumboni mwa dishi. Ukiipandisha juu ya mlingoti, waifai nayo iko juu ya mlingoti, na kuta za mawe chini ya paa la mabati hazina huruma na mawimbi. Nimeona nyumba moja kule Werugha, watoto wanasomea nje chini ya mparachichi kwa sababu mtandao uko uani na sebuleni hakuna kitu. Dawa ipo. Mini ina tundu la waya wa mtandao chini ya kifuniko kidogo. Unashusha waya hadi ndani na kuchomeka rauta yoyote ya kawaida. Ila muuzaji hakwambii, na huo ni waya mwingine na rauta nyingine ya kununua.

Sasa miti. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wa milimani wanapokwama.

Programu ya Starlink ina kamera ya kukagua anga. Unasimama pale unapotaka kuweka dishi, unazungusha simu, inakuchorea ramani ya vizuizi. Dishi linataka kuona kipande kikubwa cha anga, nyuzi 110 kwa upana, si tundu dogo la juu kama DStv. Na mti haujionyeshi kwenye kipimo cha kasi. Utapima, utasoma namba nzuri, utafurahi. Kinachotokea ni kwamba kila setilaiti inayopita nyuma ya tawi inakukatia sekunde mbili, tatu. Ukitazama video hutagundua, kwa kuwa video hujiwekea akiba mbele. Kwenye simu, au katikati ya malipo ya eCitizen, ndipo unapoumbuka.

Kwetu kulikuwa na safu ya migrevilia ya jirani, mwalimu mstaafu, imeegemea upande wetu. Nilikwenda jioni, nikampa salamu zote anazostahili, nikaeleza shida.

"Mwalimu, matawi yale yanatukatia mtandao."

"Mwanangu, miti ile niliipanda wewe ukiwa nasari. Huo mtandao wako umeikuta."

Nikamwambia ni kweli. Nikamwambia pia kwamba mjukuu wake anayesoma Eldoret angeweza kumpigia kwa video kila Jumapili, bure. Akanyamaza, akaniuliza kama kuna haja ya simu kubwa. Mwishowe tulikata matawi ya upande wetu, kuni zikaenda jikoni kwake, nasi tukainua dishi kwa bomba la chuma lililofungwa ukutani kwa vyuma viwili, likapita ncha za miti iliyobaki. Neno la siri la waifai analo. Kila baada ya mvua za vuli programu huanza kuonyesha alama nyekundu pembeni, tunajua migrevilia imeota tena, na mwalimu mwenyewe ndiye anayetuma kijana na panga.

Ukungu wa Taita, ambao kila mtu huuogopa, hauna neno. Mvua ndogo nayo haina neno. Mvua ile ya masika inayopiga mabati mpaka hamsikilizani, hiyo hukata, dakika chache kisha hurudi. Ni maumbile ya mawimbi yenyewe, setilaiti zote zina udhaifu huo. Radi ni jambo jingine. Milimani huku tunachomoa.

Kwenye gari mambo yanageuka. Anga ya Tsavo Mashariki imefunguka, kutoka Aruba hadi Galana hakuna cha kuzuia, na Mini inafanya kazi gari likitembea bila kulalamika. Spidi gavana yetu ya 80 haiwezi kulisumbua dishi hilo. Upande wa magharibi, ukishuka Mzima penye miti mikubwa, inakatikakatika, na hakuna la kufanya ila kusogea mbele.

Shida ni pa kuifunga. Wengi hununua kifungio cha sumaku wanachokiona kwenye video za magari ya Ulaya. Paa letu la kuinua mara nyingi ni faiba, ile plastiki ngumu, na sumaku haishiki faiba. Hata pangekuwa pa chuma, sehemu inayoinuka wageni wanaishika, wanaegemeza viwiko na kamera zao. Mimi Mini nimeifunga mbele juu ya kichwa cha dereva, kwenye kipande cha paa kisichoinuka, kwa vyuma na nati zisizolegea, na raba nene chini yake kupunguza mtikisiko wa barabara yenye mikunjomikunjo. Ina uzito wa kilo moja na kidogo, si mzigo. Kuiweka ndani nyuma ya kioo cha mbele, kama wanavyofanya wengine kuogopa wezi, inawezekana lakini unapoteza anga, na jua la Tsavo nyuma ya kioo lingepika yai. Vumbi jekundu halijaifanya kitu. Imezibwa vizuri, na maji ya kuoshea gari inayastahimili maadamu plagi imekaa sawa.

Waya ndio wenye hila. Mini ikianza kuwaka huvuta umeme zaidi kuliko ikishatulia, na volti 12 ni kiwango chake cha chini. Ukitumia waya mwembamba mrefu kutoka tundu la kiberiti cha sigara kwenye dashibodi, volti zinaliwa njiani, dishi linawaka, linazima, linawaka. Fundi mmoja alinifungia kwa waya wa spika. Mimi na wageni wawili kutoka Ujerumani tulitazama taa yake ikipepesa kutoka lango la Voi hadi njia panda ya Aruba, na yule mama akaniuliza kwa upole kama ndiyo kawaida. Sasa ina waya mnene kutoka kwenye betri yenyewe, fyuzi ya ampea 10 karibu na betri, na swichi yake kwenye dashibodi. Land Cruiser za zamani za volti 24 zina nafuu hapa. Usiku kambini, injini imezimwa, nazima swichi. Asubuhi nataka gari liwake, si Facebook.

Na swichi hiyo ina kazi nyingine. Tukikaribia wanyama naizima. Sijaandika kanuni hiyo mahali popote, nasema tu mtandao umepotea. Mtu amelipa pesa zake kutoka mbali, simba amelala hatua chache, yeye ameinama anasoma barua za ofisini! Baadaye nikiiwasha wanashukuru, na picha zinatoka zikiwa bado moto.

Kuhusu pesa. Mwaka 2023 dishi lilikuwa karibu shilingi 90,000, jambo la matajiri na mahoteli. Mwaka 2024 bei zikashuka, Mini ikauzwa 27,000, na pakaja mpango wa kukodi dishi kwa 1,950 kwa mwezi. Huduma ya nyumbani isiyo na kikomo hadi mwaka 2025 ilikuwa 6,500 kwa mwezi. Mwaka 2024 wakaleta GB 50 kwa 1,300, na mwaka 2025 mfuko (yaani kifurushi) mwepesi wa 4,000 ambao kasi yake hupungua wakati wenzako wengi wapo mtandaoni. Bei hizi hubadilika, na hutegemea eneo, kwa hivyo ingiza mahali ulipo kwenye tovuti yao uone yako. Msongamano nao ni wa kweli: Novemba 2024 Nairobi na kaunti jirani zilijaa, wateja wapya wakazuiwa hadi katikati ya 2025. Sisi wa mashambani kwa hilo tuna bahati, tuko wachache.

Kibanda chetu kinalipa mfuko wake chenyewe. Mama watoto huandika kila shilingi, na msimu wa kuomba vyuo mwezi mmoja hufunika miwili. Kwa mtu asiye na biashara, wa kutazama mpira na kupiga simu, 6,500 ni nyingi. Nyumba tatu zikichangia mfuko mmoja, kwa waya na rauta za ziada, inaingia akilini.

Usichanganye mifuko. Ule wa nyumbani umefungwa kwenye anwani. Ukiupandisha garini usitarajie utembee nao. Wa gari ni ule wa kusafiri, unaoitwa Roam, na huo ndio unaoruhusu kutumika mwendoni. Ni ghali zaidi kwa kila GB, kwa hivyo simu za wageni zizimiwe kujipakia picha zenyewe. Simu nne zikianza kutuma video za siku nzima, mfuko wa mwezi unakwisha kabla ya chakula cha jioni. Nimebandika karatasi nyuma ya kiti inayoomba hivyo kwa lugha tatu.

Wanaovuka mipaka watazame ramani ya Starlink kabla ya safari. Rwanda wanayo tangu 2023, Burundi tangu 2024. Tanzania kwa muda mrefu imeonekana kwenye ramani hiyo kama nchi inayosubiri idhini, na dishi lisilo na idhini forodhani ni maelezo marefu. Mimi Namanga hukabidhi wageni kwa mwenzangu wa Arusha, kwa hivyo dishi langu halivuki. Pia mfuko wa kusafiri haukupi ruhusa ya kukaa nje ya nchi uliyojisajili milele. Ukipita miezi miwili utatakiwa kuhamisha akaunti.

Msaada wao ni kwa ujumbe ndani ya programu. Usitegemee ofisi ya kwenda kugonga meza. Mzee asiyezoea simu kubwa awe na kijana karibu.

La mwisho ni dishi la mtumba, kwa maana yameanza kuzagaa Voi na Mombasa. Dishi lina namba yake, na namba hiyo imefungwa kwenye akaunti ya aliyelinunua kwanza. Kama hajaliachilia mwenyewe kwenye akaunti yake, au lina deni, umenunua sahani ya plastiki. Usitoe pesa kwa kuonyeshwa taa inawaka. Mwambie muuzaji aliondoe kwenye akaunti yake mkiwa mmekaa pamoja, uliingize kwenye yako, liwake, lishike anga, ndipo utume M-Pesa.